Umoja wetu wa wenye misitu midogo unataka cheti cha usimamizi endelevu: tuanzie wapi, na watu huangukia wapi?

Katibu Mpya aliuliza:

Wadau, habari za kazi.

Nimechaguliwa juzi kuwa katibu wa umoja wa wenye mashamba ya miti, na zigo la kwanza nililotwishwa ni hili la cheti. Wanachama wetu wengi wana hekta mbili, tatu. Wachache wana ishirini na kitu. Yupo pia mzee mmoja mwenye kipande cha msitu wa asili alichorithi. Hukata mti mmoja mmoja akiwa na shida, basi.

Mnunuzi wetu mkubwa katuandikia kwamba wateja wake siku hizi wanadai mbao zitokane na magogo yenye cheti, na kwamba atatupa kipaumbele "tukijipanga". Suala la bei kalipita juu kwa juu.

Mwenyekiti anashikilia kila mwanachama aombe cheti chake mwenyewe, kwa hoja kwamba mvivu mmoja asije akawaponza wote. Mimi naona hesabu haikubali. Mtu wa hekta mbili ana nafasi kweli humu, au haya ni mambo ya makampuni yenye mashamba yasiyoisha? Tukiingia, tuchague FSC au PEFC, ile mifumo miwili ya kimataifa ya vyeti vya misitu? Na zaidi ya yote, watu huangukia wapi? Nadharia ninayo. Namtafuta aliyekwisha kukaa mbele ya mkaguzi.

---

Mama Kitalu alijibu:

Katibu, hongera kwa cheo na pole kwa zigo. Mimi ni meneja wa cheti cha kundi, kazi ambayo watu hudhani ni ya ofisini kumbe ni ya buti na matope.

Mwenyekiti wako mwambie hapana, kwa heshima zote. Kuomba cheti cha peke yako kwa hekta mbili ni kukodi basi zima ukanunue chumvi. Mkaguzi ana siku zake za kazi, nauli yake na ripoti yake ya kuandika, na gharama hizo hazipungui kwa sababu shamba lako ni dogo. Tena si mara moja: cheti cha FSC kinadumu miaka 5, na ndani yake kuna ukaguzi wa ufuatiliaji kila mwaka.

Njia yenu ni cheti cha kundi. Cheti ni kimoja, mwenye nacho ni kundi, wanachama wanaandikwa kwenye daftari. Meneja wa kundi anawafundisha, anawakagua ndani kwa ndani, kisha mkaguzi wa nje anakuja kumkagua meneja na kutembelea sampuli ya mashamba. Msingi wa hesabu ya sampuli ni kipeuo cha pili cha idadi ya mashamba, kwa hiyo kundi la mashamba 100 halina maana ya ziara 100. Zinakuwa kama kumi, na kwa mashamba madogo hupungua zaidi. Hapo ndipo gharama inaposhuka mpaka mtu wa hekta mbili anaweza kupumua. Ushirika wa Södra kule Uswidi una makumi ya maelfu ya wenye misitu, na unaendesha vyeti vya kundi vya FSC na PEFC vyote viwili. Kwa hiyo si ndoto.

Ila hofu ya mwenyekiti si ya kipuuzi. Mmoja akifyeka ukingo wa mto, hoja inaandikwa kwa kundi. Kasoro kubwa mnapewa miezi 3 kuirekebisha, ndogo hadi mwaka. Zikipatikana kasoro kubwa tano au zaidi kwenye ukaguzi mmoja wa ufuatiliaji, cheti kinasimamishwa, na aliyetenda na asiyetenda wote wanakaa nje. Dawa yake ni kanuni ya kumtoa mwanachama, iliyoandikwa na kusainiwa siku anapojiunga, na uongozi wenye ujasiri wa kuitumia hata akiwa ni shemeji wa mwenyekiti.

Kuhusu udogo: FSC wana ngazi yao ya misitu midogo au inayovunwa kwa kiasi kidogo, yenye ukaguzi na makaratasi mepesi. Kikomo cha udogo ni hekta 100 kwa kila msitu, na nchi nyingine zimekipandisha hadi 1,000. Mzee wako wa msitu wa asili anaweza kuingilia pia mlango wa pili, wa uvunaji mdogo: asivune zaidi ya asilimia 20 ya kile msitu unachoongezeka kwa mwaka, na mavuno yasizidi meta za ujazo 5,000 kwa mwaka. Akikata mti mmoja akiwa na shida, kikomo hicho hata hakioni.

Sasa swali lako la mwisho, maana hilo ndilo lenye nyama.

Watu wanaojiandaa kwa cheti hukimbilia ndege na vipepeo. Wanachora mabango ya wanyama, wanapanda miti ya asili kando ya barabara ili mgeni aione. Sikatai, bayoanuwai ipo kwenye viwango na ina uzito: FSC wanataka walau asilimia 10 ya eneo itengwe kwa uhifadhi, na kwa mashamba ya chini ya hekta 50 viwango vya nchi nyingi vinaruhusu sehemu hiyo ipatikane nje ya shamba lenyewe. Lakini makundi madogo huangushwa na vitu vya kawaida mno. Haki ya ardhi. Mtu wa chenso, yaani mkataji mwenye msumeno wa mnyororo. Historia ya shamba.

Ardhi kwanza. Viwanja vya kurithi, mauziano ya mdomo, mpaka ni mti uliokufa zamani. Mkaguzi hadai lazima hati yenye muhuri wa dhahabu. Haki ya kimila nayo inakubalika. Anachotaka ni ushahidi kwamba unayo haki ya kuutumia msitu huo kwa muda mrefu na kwamba hakuna mgogoro mkubwa unaofukuta. Majirani wa pande zote wakisaini ramani moja mbele ya kiongozi wa eneo, umepiga hatua kubwa. Fanyeni hivyo kabla hamjanunua hata bango moja.

Mtu wa chenso. Kwenye ukaguzi wetu mmoja nilikuwa na mafaili yamepangwa kwa rangi. Mkaguzi akayatazama kwa adabu, akaomba twende msituni. Huko akainama kwenye kisiki kibichi, akapapasa bawaba, ule ukanda mwembamba wa mti unaoachwa bila kukatwa ili mti uangukie ulikoelekezwa. Akauliza nani kaukata huu. Kijana akainua mkono. Mkaguzi hakuniuliza mimi chochote; akamgeukia yeye: "Mnyororo ukikupiga mguu saa hii, nani anakubeba, na gari linaingilia wapi?" Yule kijana akataja jina, akaonyesha njia kwa kidole, akafungua begi la huduma ya kwanza bila kunitazama usoni. Kisha mkaguzi akazunguka kutafuta dumu la petroli lilipowekwa, akapima kwa macho umbali wake na kijito. Yale mafaili aliyarudia jioni, robo saa hivi.

Historia ya shamba. Miti ilipandwa lini, na kabla yake palikuwa na nini? Kwa miaka mingi FSC walikuwa hawapokei mashamba yaliyotokana na kufyeka msitu wa asili baada ya Novemba 1994. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Julai 2023 zimeisogeza tarehe hadi 31 Desemba 2020, lakini waliofyeka kati ya tarehe hizo mbili huweza kudaiwa fidia kwa mazingira na kwa watu walioathirika. PEFC wao tarehe yao ni 31 Desemba 2010. Ulizeni hili mapema, mwanachama kwa mwanachama, maana mtu akishalipa ada ndipo useme shamba lake halifai, ugomvi wake hauishi leo.

FSC au PEFC? Hapa sina ushabiki. FSC ilianzishwa 1993; PEFC ilianza 1999, na wenye misitu midogo wa Ulaya walikuwa mstari wa mbele kuiunda, kwa sababu walihisi FSC haikushonwa kwa kipimo chao. Tofauti itakayowagusa ninyi ni kwamba PEFC huidhinisha mifumo ya kitaifa. Nchi yenu kama haina mfumo ulioidhinishwa, mjadala umekwisha. Kama upo, mwulizeni mnunuzi anataka nembo ipi, mfuate hiyo. Mengine ni porojo.

---

Fundi Chenso alijibu:

Mama Kitalu umesema kweli tupu, niongeze la upande wetu tunaoshika mashine.

Kofia ngumu, suruali ya kukaba mnyororo, buti za chuma: vyama vingi hununua seti moja, zinatolewa kabatini siku ya mkaguzi. Mkaguzi anajua. Anatazama suruali haina hata tone la oili, anatabasamu, anaandika. Kama hamna uwezo wa kumvisha kila mkataji, basi punguzeni wakataji. Chukueni timu moja iliyofundishwa, izunguke kwa wanachama wote kwa zamu. Sisi tunapata kazi ya uhakika, ninyi mnajua nani kakata nini.

Na mtulipe kwa maandishi. Haki za wafanyakazi zimo kwenye viwango, si mapambo. Mkaguzi huwa anatutenga pembeni na kutuuliza mabosi wakiwa mbali.

---

MbiliKwaNne alijibu:

Mimi niko upande wa pili, napokea magogo kiwandani. Katibu, hakuna aliyekuambia kuhusu karatasi ya mauzo, na hapo ndipo vyeti vingi hufia vikiwa na afya tele.

Gogo limetoka msitu wenye cheti, sawa. Likifika kwangu na ankara isiyo na namba ya cheti wala tamko kwamba ni FSC 100%, kwangu ni gogo kama magogo mengine. Siwezi kuliuza kama la cheti hata kama nilimwona mkaguzi kwa macho yangu msituni. Halafu kuna dalali. Kila anayelimiliki gogo njiani lazima naye awe na cheti cha mnyororo wa umiliki. Mwanachama wako akimuuzia dalali asiye nacho, uzi umekatika hapo hapo. Wanachama waliozoea dalali anayekuja na fedha mkononi hawaipendi habari hii.

Yadini kwangu magogo ya cheti yana rundo lake na alama ya rangi kichwani. Nanyi mpige rangi yenu pale pale yanapolala kando ya njia, kabla lori halijafika. Mkusanyiko wa magogo ya mwanachama na ya jirani asiye mwanachama kwenye rundo moja ni kasoro isiyo na utetezi.

Bei: nitasema ukweli ingawa wenzangu watanuna. Nyongeza ipo wakati fulani na wakati fulani haipo. Cheti mara nyingi kinakupa mlango, hakikupi bei. Mnunuzi wenu akisema "jipangeni", mwombeni aandike: kiasi gani atanunua, kwa muda gani, na nani atagharamia ukaguzi wa kwanza. Akikataa kuandika, mna jibu lenu.

Jingine. Kama mbao zinaelekea Umoja wa Ulaya, kuna sheria yao ya mwaka 2023 kuhusu bidhaa zisizotokana na ukataji wa misitu. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini haijafutwa. Inadai viwianishi, yaani namba za GPS, vya shamba lililotoa mti: hadi hekta 4 inatosha nukta moja, zaidi ya hapo mpaka mzima wa shamba uchorwe. Cheti kinasaidia kutoa taarifa, lakini hakimwondolei mwagizaji wajibu wa kujihakikishia mwenyewe. Mkipima mashamba kwa ajili ya cheti, pimeni kwa namna itakayofaa na huku. Kazi moja, matumizi mawili.

---

Katibu Mpya alijibu:

Mama Kitalu, shikamoo. Fundi na MbiliKwaNne, nawashukuru, hili la dalali limenikata maini maana nusu ya wanachama wanaishi naye.

Mambo matatu bado yananisumbua. Kiwanda kimoja kimejitolea kuwa mwenye cheti na kulipa kila kitu, sisi tuingie chini yake. Ni mtego? Pili, wengi wetu tunatumia dawa kitaluni, mchwa wanatumaliza. Tatu, yule mzee. Anasema yeye hauzi magogo kwa mtu yeyote, cheti kitamfaa nini?

---

Mama Kitalu alijibu:

Marahaba Katibu.

Kiwanda kuwa mwenye cheti si mtego chenyewe. Sehemu nyingi ndivyo wadogo walivyoingia, maana kiwanda kina mhasibu, gari na mtaalamu wa misitu. Tatizo liko kwenye neno "mwenye". Mwanachama akitoka kwenye kundi, cheti hatoki nacho. Siku mkipata mnunuzi anayelipa vizuri zaidi, mtakuta tamko la cheti liko mikononi mwa yule mnayetaka kumkimbia. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba mwanachama anaruhusiwa kumuuzia mwingine magogo yakiwa na tamko lake, kwamba ramani na takwimu za mashamba ni mali ya umoja, na kwamba kiwanda kikijitoa kitatoa taarifa mapema ili mhamie kwingine. Wakikubali hayo matatu, ingieni. Wakisitasita kwenye la ramani, mimi ningeondoka mezani. Ramani ndiyo jasho lote la kazi hii. Mwenye ramani anaweza kuanza upya na mtu yeyote.

Dawa: FSC wana orodha ya viuatilifu hatari sana, imegawanywa katika vilivyopigwa marufuku, vyenye masharti makali na vyenye masharti. Usiende kwa jina la dukani, nenda kwa kiambato, kile kilichoandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya chupa. Kusanya chupa zote za wanachama, andika viambato, linganisha na orodha. Kwa visivyopigwa marufuku, kabla ya kutumia lazima mpime madhara yake kwa mazingira na kwa watu na muonyeshe kwamba mlitafuta njia nyingine. Kwa mchwa, mengi hutatuliwa na miche iliyokomaa vizuri na kupanda kwa wakati. Mche dhaifu uliopandwa ardhi ikiwa kavu ndio karamu yao. Na chupa tupu msiwaache watoto wakazichotea maji. Mkaguzi akiona moja tu kando ya kisima, siku yenu imeharibika, na kwa haki.

Mzee. Mheshimuni huyo, huenda ndiye mwenye hazina. Misitu ya asili ya watu wa kawaida imekwisha kupata cheti mara nyingi. Kilwa, nchini Tanzania, mwaka 2009 vijiji viliingia kwenye cheti cha kundi cha FSC kupitia shirika la kuhifadhi mpingo, ikawa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Mpingo ule ndio unaotengenezewa klarineti, kwa hiyo wanunuzi wa ala za muziki walikuwa na sababu ya kuutafuta wenye karatasi safi. Angalia mpangilio wao: shirika lilishika cheti, vijiji vikabaki na msitu na uamuzi wa kuvuna.

Halafu tangu 2018 FSC wana utaratibu wa kuthibitisha huduma za msitu zenyewe, zikiwemo kaboni, maji, udongo, bayoanuwai na burudani. Mzee asiyeuza magogo anaweza kuthibitisha kwamba msitu wake unalinda chemchemi, na akapatikana mfadhili wa kuliunga mkono hilo. Nasema anaweza. Usimwahidi fedha. Mwambie tu kwamba akiwa ndani ya kundi anawasaidia wengine kwenye ile sehemu ya uhifadhi, na kwamba hatalazimishwa kukata mti hata mmoja.

Kazi ya nyumbani kabla hujaitisha mkutano: ingia kwenye kanzidata ya FSC ya vyeti, iko wazi kwa kila mtu, utafute makundi yanayofanana na lenu. Muhtasari wa ripoti za ukaguzi umewekwa humo, pamoja na kasoro zilizoandikwa na jinsi zilivyorekebishwa. Soma tatu nne. Ni bora kuliko semina zote nilizowahi kukaa, na hakuna posho ya kugombania. FSC wenyewe hawamkagui mtu. Wanatunga viwango, na kampuni za ukaguzi zilizoidhinishwa na ASI, chombo kinachowasimamia wakaguzi, ndizo zinazokuja. Kwa hiyo ombeni bei kwa zaidi ya moja, na muulize kila moja kama mkaguzi wake anatoka karibu au anapanda ndege, kwa sababu tiketi hiyo mtailipa ninyi kila mwaka.

---

Katibu Mpya alijibu:

Nimezipata ripoti. Ya kwanza niliyofungua, kasoro kubwa ni wakataji hawakuwa na begi la huduma ya kwanza. Fundi Chenso, nakutafuta faragha.

---

Fundi Chenso alijibu:

Nipo. Njoo na orodha ya wakataji wako na aina ya chenso wanazotumia, na kama kuna yenye breki ya mnyororo mbovu niambie mapema, hiyo haiingii msituni.